Mita Ikilia, Usikimbilie Kusema Ni Shoti

Laptopu ya kwanza niliyoiua, niliiua kwa mdomo. Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa na kimeza changu Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Aggrey, na miezi minane tu tangu nitoke kwenye simu nianze kufungua laptopu. Kijana wa chuo akaniletea mashine yake, haiwaki, haitoi hata taa. Nikaifungua, nikaweka mita kwenye alama ya mlio, ncha nyeusi nikaikandamiza kwenye graundi, nyekundu nikaanza kutembea nayo juu ya koili, vile vidude vya waya uliosokotwa vinavyopitisha umeme kwenda kwenye chipu, moja baada ya nyingine kama nilivyowaona wenzangu wakifanya. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikafika kwenye zile kubwa zilizojipanga jirani na prosesa, ubongo wa mashine: piiiii.

"Prosesa imepiga shoti," nikamwambia, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu. Nikamweleza kwamba bodi nzima inabadilishwa na kwamba bei yake inakaribia ya laptopu nyingine. Akaifunga kwenye begi, akaondoka.

Wiki mbili baadaye akapita mbele ya meza yangu, laptopu imefunguliwa mkononi, inawaka, muziki unalia. Fundi mmoja mzee, mtaa wa pili, alikuta kimekatika kitepe cha kitufe cha kuwashia. Kijana hakunisema vibaya. Alinisalimia tu na kupita, na salamu ile ikanikaa rohoni mpaka jioni. Nilipofunga meza nikaenda kwa yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemzika prosesa akiwa hai?"

Mzee alianzia kwenye redio, akapita televisheni za chogo, ndipo akafika kwenye laptopu. Hakunipa somo. Alivuta bodi aliyokuwa ameimaliza mchana ule, inayofanya kazi, akanipa mita, akaniambia nipime koili ya prosesa. Piiiii. Akanitazama. Akageuza kitasa cha mita kwenda kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: 3.1.

Ndipo akaeleza. Prosesa inakula umeme wa takribani volti 1, lakini kwa ampia nyingi, na inapopewa kazi nzito huvuta makumi ya ampia. Kitu chenye mdomo mpana hivyo hakiwezi kuonyesha ukinzani mkubwa, hata kikiwa kizima kabisa. Mita nazo, nyingi hulia zikikuta chochote chini ya omu 30 au 50, kutegemea aina. Kwa hiyo ule mlio haukusema "shoti". Ulisema "hapa ni chini ya kiwango changu", basi. Chipu za picha ndiyo zaidi, kuna nzima zinazosoma chini ya omu 1. Koili ya volti 5 ikisoma omu 3, hapo sasa pana msiba.

Akafungua droo, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, limejaa mafuta ya fluksi, dawa ya kulehemia. Kila bodi nzima iliyopita mikononi mwake aliiandika: namba ya bodi, kila koili, omu ngapi, volti ngapi. Hazikuwa mbovu zile. Mafundi wengi tunapima bodi mbovu tu, halafu tunashangaa hatujui tunachokiona. Kesho yake nikanunua daftari langu, na mpaka leo niko kwenye la nne. Nikimaliza kazi, kabla ya kurudisha skrubu, napima mashine iliyopona dakika kumi na kuandika. Wateja wanadhani naandika risiti.

Namba ya bodi, kwa anayeanza, si jina la laptopu lililoandikwa kwenye mfuniko. Kampuni zinazouza laptopu nyingi hazitengenezi bodi zenyewe. Namba zikianza na LA, bodi ni ya kiwanda cha Compal, DA0 ni Quanta, 6050A ni Inventec. Namba hiyo ndiyo inayokupatia mchoro sahihi wa saketi. Laptopu mbili za jina moja, mwaka mmoja, zinaweza kuwa na bodi mbili zisizofanana kabisa, na ukifuata mchoro wa jirani utatafuta kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo, ambayo haipo.

Jambo la pili nililolipata kwa mzee ni mpangilio, na hilo nilipoteza miezi kulielewa mpaka siku moja nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto. Umeme unaingia kwenye tundu la chaja, volti 19 na kidogo. Unapita mosifeti mbili za mlangoni, yaani swichi za umeme, ambazo hazifunguki mpaka chipu ya kuchaji iridhike. Ukishapita unakuwa laini kuu, na hapo ndipo kila mtu anachota. Wa kwanza kuchota ni saketi ya volti 3 na volti 5 za kudumu, zinazokuwepo hata mashine ikiwa imezimwa. Hizo zinaiamsha chipu ndogo tunayoiita EC. EC ndiyo konda. Abiria anaweza kupiga kelele, dereva anaweza kukanyaga mafuta, lakini gari haliondoki mpaka konda agonge bodi. Ukibonyeza kitufe unamgusa konda tu. Yeye anaangalia mfuniko uko wazi, chaja au betri ipo, hakuna joto, ndipo anaruhusu saketi moja iwake. Ikiwaka inamrudishia ishara kwamba "niko sawa", anaruhusu ya pili, mpaka kumbukumbu zipate zao, na prosesa, mkubwa wa wote, anapewa mwisho kabisa.

Ukilijua hilo, swali la "kwa nini haiwaki" linavunjika kuwa swali dogo: msafara umeishia kituo gani? Kama volti 3 haipo, huna haja ya kuigusa prosesa. Miaka yangu ya mwanzo ningeanza kwa prosesa kwa sababu ndiyo kubwa, inang'aa, ina jina.

Yule mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyelipia somo langu ghali kuliko yote. Au tuseme nililipia mimi. Nilikuwa nimenunua paua saplai ya mezani, kifaa cha kutoa umeme kwa kipimo unachotaka, mpya, inaonyesha volti na ampia kwa namba nyekundu, na nilikuwa natafuta kisingizio cha kuitumia. Mashine yake ilikuwa na shoti kwenye laini kuu. Njia ya kutafuta shoti kwa paua saplai ni rahisi kuieleza: unaipa ile laini volti kidogo, umeme wote unakimbilia palipotoboka, na kilichotoboka kinapata moto. Unakitafuta kwa kidole, au kwa spiriti, au kwa kamera ya joto kama mfuko unaruhusu. Nikaweka volti 1. Sikuona moto. Nikapandisha 2. Nikapandisha 5, maana nilijiambia laini yenyewe ni ya 19, volti 5 itaidhuru nini?

Kidole kilichoungua kiliungulia juu ya prosesa.

Kuna kitu nilikuwa nimekiruka. Umeme wa prosesa unatengenezwa na mosifeti mbili zinazopokezana kufunguka na kufunga, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ya juu inachota kutoka laini ya 19, ya chini inaenda graundi, na koili inatuliza ile patashika mpaka inatoka volti 1 safi. Ya juu ikifa kwa kubaki imefunguka moja kwa moja, hakuna tena kinachozuia, na laini kuu na prosesa vinakuwa kitu kimoja. Volti 5 zangu zote ziliingia ndani ya chipu inayotaka 1. Na dalili nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye daftari, mistari miwili iliyofuatana: laini kuu omu 3, koili ya prosesa omu 3. Namba moja, mara mbili, na sikujiuliza.

Labda prosesa ilishakufa kabla haijanifikia. Nilimwambia mhasibu ukweli, nikamtafutia bodi nyingine, nikawa namlipa muuzaji kidogokidogo mpaka mwezi wa nne. Tangu siku ile, kabla waya wa paua saplai haujagusa laini kuu, naweka ncha moja hapo na nyingine kwenye koili ya prosesa. Inachukua sekunde tano. Na volti 1 haipandi mpaka nijue umeme unakwenda wapi.

Kuhusu moto, niseme kwa kifupi kwa sababu nina hasira nalo. Kuna kipindi mitaani kila laptopu isiyoonyesha picha ilipigwa bloa, kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto, juu ya chipu ya picha, ikawaka, mteja akalipa, na baada ya wiki tatu ikarudi. Nami nilifanya. Kuna chipu za picha za miaka ya 2007 na 2008 zilizokuwa na kasoro ya kiwandani, mpaka mtengenezaji wake akatangaza mwaka 2008 kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya hasara hiyo. Kilichopasuka kilikuwa ndani ya chipu yenyewe, vile vidonge vidogo vya risasi vinavyoshika kioo chake cha silikoni. Moto ulivitanua vikagusana kwa muda. Wenzangu wengi walidhani wanayeyusha risasi ya kulehemia iliyo chini ya chipu. Risasi isiyo na madini ya lead, ambayo imeenea tangu sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2006, inayeyuka nyuzi 217, wakati ile ya zamani ilikuwa 183. Bloa nyingi za bei nafuu ziliunguza plastiki za pembeni kabla hazijafikisha joto sawasawa chini ya chipu. Bloa yangu sasa inakaa chini ya meza. Kuitoa kule lazima niiname, na kuinama kunanipa muda wa kufikiri.

Shoti hata hivyo ni ugonjwa rahisi. Kitu kinachopata moto kinajionyesha. Taabu ni bodi isiyo na shoti, yenye volti zote za mwanzo, na konda hagongi. Dada mmoja wa saluni aliniletea laptopu iliyoshindikana kwa mafundi wawili. Laini kuu ipo, 3 ipo, 5 ipo. Nikiweka ncha kwenye kitufe nasoma volti 3.3, nikibonyeza inashuka sifuri, nikiachia inarudi. Kwa hiyo konda anaguswa. Ila hajali.

Siku mbili. Nikashuku programu ya EC, nikashuku kioo cha saa kinachompigia mapigo. Siku ya tatu nikarudi kwenye mchoro na kuorodhesha kila kinachoweza kumfanya konda akatae, nikafika kwenye kihisi cha mfuniko. Ni kidude chenye miguu mitatu kinachonusa sumaku ya kwenye skrini, na kikiinusa kinaiambia EC kwamba mfuniko umefungwa. Kwenye mashine nyingi EC ikiamini mfuniko umefungwa, kitufe hakisikilizwi. Laini yake ilipaswa kuwa na 3.3. Nikapima: 0.2. Nikaweka hadubini. Katikati ya miguu ya kihisi kulikuwa na doa la kahawia lililokauka, na pembeni yake bawa.

Mende. Wanapenda laptopu kwa sababu ya ujoto, wanaingilia matundu ya feni, wanazaliana, na uchafu wao ukipata unyevu unapitisha umeme na kula shaba. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki laini, 0.2 ikawa 3.3, mashine ikawaka hata kabla sijairudisha kwenye boksi lake. Dada alipouliza tatizo lilikuwa nini nikamwambia ni kihisi. Sikuwa na moyo wa kumtajia mende mbele ya wateja wake wawili aliokuja nao.

(Kihisi hichohicho ndicho kinachozimisha skrini ukiweka mikono yenye bangili ya sumaku juu ya kibodi. Nimeshapokea laptopu tatu "zenye ugonjwa wa kuzima", dawa yake ikawa kuvua bangili.)

Huku pwani tuna adui mwingine ambaye hatumwoni: chumvi ya hewani. Mashine zinazotoka Bagamoyo, Unguja au Mtwara nazijua nikifungua tu mfuniko wa chini, skrubu zina kutu na miguu ya chipu ina kijani. Maji yenyewe si muuaji mkubwa kama umeme ukiwa umekatwa. Kinachoua ni maji pamoja na betri iliyobaki imechomekwa, maana hapo volti inaendelea kutafuna shaba usiku kucha. Dafu ni baya, chai ya maziwa ni mbaya zaidi kwa sababu sukari inashika. Ukimwagikiwa, chomoa chaja, zima kwa kushikilia kitufe, na kama betri inatoka, itoe saa hiyohiyo. Mchele uache kwa ajili ya pilau. Haujawahi kunyonya chai chini ya chipu.

Nimalizie na mwalimu.

Ni mwalimu wa sekondari, anakuja na bodaboda kutoka Chanika, laptopu mgongoni. "Fundi, umeme umenikatikia na kurudi, ikazima hapohapo. Mitihani ya kidato cha nne yote imo humo." Nikamtuliza kwanza: diski haihusiani na bodi, mitihani ipo. Nikachomeka chaja yake huku nikiitazama. Kitaa cha chaja kilikuwa kinawaka, kikazima mara tu ncha ilipoingia. Nikachomoa, baada ya muda kikawaka tena. Hiyo peke yake inakueleza nusu ya habari, kwamba chaja inajikinga na kuna kitu ndani kinameza kila kinachopewa.

Nikatoa betri, nikafungua. Kwa macho hakuna kitu, bodi safi kama mpya. Nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwanza: 0.2, huo ni ukinzani wa nyaya zangu. Upande wa tundu la chaja mita ikapanda vizuri. Baada ya mosifeti za mlangoni: 0.6. Toa 0.2, inabaki 0.4. Shoti ya kweli, laini kuu. Ncha moja laini kuu, nyingine koili ya prosesa: kilo-omu, yaani maelfu ya omu. Vizuri, prosesa hayumo kwenye ugomvi huu. Nikafungua daftari, ukurasa wa bodi hiyohiyo niliyoipima mwaka uliotangulia, koili nyingine zote zikalingana.

Paua saplai, volti 1. Ampia zikaruka mpaka 2.4 na kukaa. Nikazima feni ili isinipotoshe, nikamwaga spiriti kwa brashi upande wa juu. Bodi ikalowa, ikang'aa. Nikasubiri. Inakauka polepole, sawasawa, hakuna kitu. Nikaigeuza, nikamwaga upande wa chini, karibu na soketi ya kumbukumbu. Hapo sikuhesabu hata sekunde nne. Katikati ya unyevu pakafunguka duara kavu la ukubwa wa punje ya dengu, na katikati ya duara kapasita moja ya kahawia kati ya sita zilizopangwa mstari, zote zinafanana, zote nzima kwa macho. Nikaigusa kwa kidole, nikakiondoa upesi.

Chini ya hadubini ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, unaopita kwenye kona. Kapasita za aina ile ni udongo wa kuchoma, kama kigae. Bodi ikipinda kidogo, zinapasuka. Ni kazi ya kuanguka, au ya mgongo wa bodaboda kila siku kwenye barabara ile. Ufa unaingiza unyevu, tabaka za ndani zinagusana. Kukatika kwa umeme kulitokea siku hiyohiyo, au kulimalizia tu.

Nikaing'oa. Mita ikaanza kupanda yenyewe, kilo-omu kumi, hamsini, mia mbili. Nikachukua nyingine kwenye bodi ya chakavu, mikrofaradi 10, ya volti 25. Hapo wengi wanateleza: wanatazama ukubwa tu, wanaweka ya volti 6.3 kwenye laini ya 19, na inapasuka mbele ya mteja. Kisha sikurudisha chaja. Nikaipa bodi volti 19 kwa paua saplai, ampia nimezibana: 0.02, imelala vizuri. Nikabonyeza. 0.15. 0.4. Ikasita. 0.7, 1.1, ikaanza kucheza juu na chini. Ikicheza hivyo, ujue prosesa inasoma. Nembo ikatokea.

Mwalimu alirudi jioni. Nikamwambia elfu sabini.

"Shilingi elfu sabini, fundi, umebadilisha nini?"

Nilikuwa nimekiweka kile kikapasita juu ya karatasi nyeupe maalumu kwa swali hilo. Akavaa miwani, akainama, akakitafuta. Ni kidogo kuliko punje ya ufuta.

"Hiki?"

"Hicho, mwalimu."

Akainama zaidi. Wakati huo mdogo wangu, aliyekuwa nyuma anafagia, akaona joto limezidi, akawasha feni. Karatasi ikatulia mezani, tupu. Tukabaki wote watatu tunatazama sakafuni.